Muhuri wa Kesho

Tarehe 4 Septemba

Mjomba,

Kesi ya mama imekwama kwa sababu yangu. Naandika hili kabla ya salamu, kwa maana nikianza na salamu nitalizunguka mpaka karatasi iishe. Sijamwambia mtu mwingine yeyote.

Sasa shikamoo. Natumaini maumivu ya miguu yamepungua na umepata mtu wa kukutengenezea paa. Sisi hatujambo. Nilimaliza shule mwezi wa tano, nasubiri matokeo, na asubuhi huenda kumsaidia mwalimu wa maktaba kupanga vitabu. Ukinijibu, andika kwa jina lake, kupitia sanduku la shule. Mama hajui kwamba nakuandikia. Ukitajwa wewe hapa nyumbani, anakumbuka ghafla kwamba kuna kitu jikoni. Ningekupigia simu, lakini kwenye simu mimi hunyamaza, nawe utadhani mtandao umekatika.

Labda habari za mama hazijakufikia. Unaijua kazi yake, kule kiwanda cha kufulia mashuka ya hospitali na hoteli. Miaka kumi na moja kwenye pasi ya mvuke, ile kubwa kama kitanda. Mbele yake kuna chuma cha kinga. Mkono ukikigusa, mashine inasimama. Mwezi wa pili msimamizi wao, wanayemwita Bwana Fasta, alikifunga kile chuma kwa waya ili mashine isiwe inasimamasimama. Mwezi wa tatu pasi ikashuka juu ya mkono wa kulia wa mama. Vidole vitatu havikunjiki mpaka leo. Alipopona akarudi kazini, akaona waya bado upo, akasema hatagusa kitu mpaka utolewe. Alifukuzwa siku hiyohiyo, na barua inasema "ukaidi". Kila anakokwenda kuomba kazi wanataka kuiona barua, na wakishaisoma wanamrudishia wameishika kwa ncha.

Katibu wa chama cha wafanyakazi alituambia tufungue shauri Mahakama ya Kazi, tena mbio, kwa sababu sheria mpya inaanza tarehe 1 Julai. Yaliyofunguliwa kabla ya hapo yanabaki mahakamani, yanayofunguliwa baadaye yanakwenda kwenye Tume mpya ya Usuluhishi. Mama hawezi kushika kalamu, basi niliandika mimi. Tarehe 30 Juni alikuwa hospitali kutazamwa mkono, nikapeleka mimi karatasi, kwenye masjala ileile uliyofanyia kazi.

Nilifika saa mbili asubuhi. Foleni ilikuwa mpaka kwenye ngazi. Unanijua, mtu akisema "binti, nina haraka kidogo," mimi napisha. Nilipisha watu tisa. Dirishani nilifika saa nane na robo. Mama mmoja mwenye miwani ya mnyororo alipokea karatasi, akagonga muhuri bila kuniangalia, akanipa nakala. Nikasoma muhuri nikiwa bado nimesimama pale. Ulisema 1 Julai.

Niliona, Mjomba. Hilo ndilo ninalokuambia. Niliona, na mdomo ukakataa. Nyuma yangu mtu alishaanza kukohoa, na yule mama alishanyoosha mkono kwa anayefuata. Nikajiambia, siku moja ina nini. Nikakunja karatasi nikaondoka.

Siku moja ilikuwa na kila kitu. Mahakama imesema haina mamlaka ya kusikiliza, shauri limefunguliwa baada ya sheria mpya kuanza, nendeni Tume. Tume imesema haina mamlaka, mama alifukuzwa kabla Tume haijazaliwa, rudini mahakamani. Mama anawalaani wote wawili huku anaosha vyombo kwa mkono mmoja. Mimi navifuta na kunyamaza.

Wewe ulikaa kwenye dirisha lile miaka kumi na tisa. Niambie, kwa nini muhuri uliandika kesho? Na tufanye nini? Tafadhali jambo hili libaki kati yetu.

Mpwa wako,
Kasauti

*

Tarehe 25 Septemba

Kwa mpwa wangu Kasauti,

Marahaba. Barua yako ilifika tarehe 20, imefunguka upande mmoja, lakini kurasa zote zimo. Miguu ni ileile. Paa lilitengenezwa, sasa linavuja mahali pengine. Nimefuga kuku sita, na mmoja ana tabia ya kunifuata mpaka msalani. Nimefurahi kusikia umemaliza shule. Mara ya mwisho nilipokuona hukunifikia kiunoni.

Habari za mkono wa mama yako sikuzijua. Nimezisoma mara mbili.

Tuje kwenye kazi. Kwanza, acheni kuzunguka kati ya ofisi mbili. Kila karani atawafukuza kwa mdomo, na jibu la mdomo halikatiwi rufaa. Kila jibu mlitake kwa maandishi, lenye saini. Pili, Katibu amwombe jaji aamue jambo moja tu kabla ya mengine yote: shauri lilifika masjala lini. Habari za waya na mkono aziweke pembeni kwanza, kwa sababu jaji asiye na mamlaka haruhusiwi hata kukuhurumia. Tatu, mlinzi wa getini ana daftari la wageni. Kila anayeingia anaandika jina, tarehe na saa. Kama jina lako lipo tarehe 30, na tarehe 1 halipo, hicho ni kitu cha kushika mkononi. Madaftari yaliyojaa huwekwa kwenye kabati chini ya ngazi, na mwisho wa mwaka huchomwa. Nenda upesi.

Usijilaumu kwa habari ya dirisha. Nimeona watu wazima wenye ndevu wakinyamaza pale.

Siri yako ninayo.

Mjomba wako

*

Tarehe 14 Oktoba

Mjomba,

Shikamoo, na msalimie huyo kuku. Matokeo bado. Mama amejifunza kufunga kitambaa kichwani kwa mkono wa kushoto, na ukijaribu kumsaidia anakuuliza kama amekuita.

Tulikwenda getini, mimi na Katibu. Mlinzi akasema kabati halifunguliwi bila kibali cha msajili. Katibu akamwambia kabati halimhusu, yeye anaomba kiti tu, kwa maana atakaa hapo mpaka mwaka mpya. Akakaa kweli, akatoa sweta analofuma. Ilipofika saa sita mlinzi mwenyewe akachoka, akaleta daftari. Alitafuta tarehe 30 Juni, akaweka kidole. "Huyu ni wewe? Mimi nilidhani sisimizi kapita." Jina langu lipo, saa mbili na dakika tano. Tarehe 1 Julai halipo.

Niliruka kwa furaha mapema mno. Jaji amekubali kusikiliza hilo jambo moja, tarehe 19 Januari, lakini wakili wa kiwanda ameshajibu. Anasema daftari linaonyesha niliingia, halionyeshi kwamba nilitoa karatasi. Pengine nilikaa kwenye ngazi siku nzima. Pengine kesho yake nilipitia mlango mwingine. Nimeandikwa kama mtu mjanja, Mjomba, mimi ambaye nikipewa chenji pungufu naomba radhi.

Tume nako tulikwenda kudai jibu la maandishi, kama ulivyosema. Jengo ni jipya, linanuka rangi, na viti bado vina nailoni zake. Ofisa akatueleza kwa upole kwamba sheria haijamsahau mtu, hiki ni kipindi cha mpito. Mama akauliza kipindi hicho kinaisha lini. Ofisa akasema haijatangazwa.

"Basi uwaambie pale kiwandani," mama akasema, "mashine nayo isubiri kipindi cha mpito."

Ofisa akainama kuandika, lakini nilikuwa karibu nikaona haandiki kitu. Mama hakuwa anasema kwa kejeli tu. Nafasi yake amewekwa msichana aliyekuwa darasa moja mbele yangu, yule aliyekuwa anatuongoza kuimba asubuhi. Nilikutana naye dukani. Waya bado upo. Amejifunza kuvuta mkono haraka, na alinionyesha kwa kujivunia, anavuta mkono hivi, anacheka. Nilirudi nyumbani nikiwa na hasira ambayo sikujua niiweke wapi. Ofisi mbili zina madirisha, zina makarani, zina mihuri na bendera, na hakuna hata moja inayoweza kumwambia mtu mmoja akate waya.

Jambo la mwisho. Yule mama wa dirishani ametoa maelezo yenye saini kwamba tarehe ya muhuri ndiyo tarehe ya kupokea, siku zote. Katibu alipombishia, akamjibu, "Muhuri hausemi uongo." Nilishituka. Hayo ni maneno yako. Nilikuwa mdogo, ulikuja siku moja na muhuri mbovu wa ofisini, ukanigongea kwenye daftari langu la hesabu, ukasema hivyohivyo.

Nimeisoma tena barua yako. Umejibu yote niliyouliza na hata nisiyouliza, isipokuwa swali la kwanza. Kwa nini muhuri uliandika kesho?

Kasauti

*

Tarehe 20 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Wiki tano sasa. Nilidhani unaumwa, nikamwomba mwalimu wa maktaba aulize posta kama kuna barua iliyopotea. Hakuna. Natumaini huumwi. Matokeo yametoka, nimefaulu.

Jana nilikwenda dirishani peke yangu. Nilisimama kwenye foleni na sikumpisha mtu. Nilipofika sikuwa na karatasi ya kupokelewa, nikamuuliza tu yule mama swali nililokuuliza wewe. Akasema nimpishe anayefuata. Nikabaki. Nyuma wakaanza kunung'unika, mmoja akasema binti huyu kaota mizizi, masikio yakawaka moto, nikabaki. Mwishowe akasogea karibu na kioo.

"Sisi tuliikuta hivyo," akaniambia taratibu. "Ikifika saa nane mchana, tarehe inazungushwa mbele. Aliyetufundisha amestaafu, kamuulize mwenyewe."

Nikamuuliza ni nani. Akavaa miwani yake, akanitazama kwa mara ya kwanza.

"Una pua yake," akasema.

Nikamwomba ayaseme hayo mbele ya jaji. Akaniuliza, akisema watamfukuza, na akifukuzwa, yeye atafungua shauri lake wapi?

Kwa hiyo ulijua, Mjomba. Tangu barua yangu ya kwanza. Ulinituma getini kutafuta daftari, na jibu lilikuwa kwenye mkono unaoandikia. Nilikuambia kitu ambacho sijamwambia mtu, nikajiita mwoga mbele yako, nawe ukaniambia nisijilaumu. Ulikuwa unamwambia nani?

Mpwa wako

*

Tarehe 3 Desemba

Mpwa wangu,

Salamu leo zitangoja, kama zilivyongoja kwenye barua yako ya kwanza.

Ni mimi. Saa nane kamili nilikuwa nazungusha lile gurudumu la tarehe kwenye muhuri. Msajili wa wakati ule alitaka rejista ya siku mezani kwake saa tisa, imefungwa, imepigwa mstari chini kwa rula. Karatasi ikija saa nane na nusu inaharibu mstari. Nikaona nimebuni jambo la akili: gonga kesho, andika kesho, rejista ya leo inabaki safi. Msajili alinisifu mbele ya wenzangu. Nikawafundisha wote waliokuja baada yangu, na nikipata mwanafunzi mzito nilimgombeza. Miaka yote hiyo nilikuwa karani ambaye rejista yake haina mfuto.

Alikuja dereva mmoja wa lori la takataka. Sheria ilimpa siku sitini tangu kufukuzwa kazi. Alileta karatasi siku ya sitini, saa tisa kasorobo, suruali ina matope mpaka magotini. Muhuri ukasema siku ya sitini na moja. Siku ya kusikilizwa alisimama akasema, nilileta jana yake, karani mwenyewe amekaa pale, mwulizeni. Jaji akanigeukia. Nikasema muhuri hausemi uongo. Dereva hakunitukana. Alichukua kofia yake akatoka. Nilikuwa nimeshasema, basi nikaendelea kuzungusha gurudumu, kwa sababu kuacha kungekuwa kukiri. Huyo ni mmoja ninayemjua. Wengine sikuwahesabu, na sikuwahesabu kwa makusudi.

Mama yako anaamini sikuja kumzika mama yetu kwa sababu niliipenda kazi kuliko ndugu zangu. Mwache aamini hivyo. Wiki ile mkaguzi alikuwa anapitia rejista, nami niliogopa mtu mwingine akikaa dirishani ataona. Usimwambie.

Nilipopata barua yako ya Oktoba niliandika majibu manne. La kwanza lilikuwa na habari za kuku. Mengine matatu yalikuwa marefu zaidi na hayakuwa na kitu.

Keshokutwa naenda kwa wakili wa hapa kula kiapo kwa maandishi, niliyokueleza juu ya muhuri, yote. Katibu atakipata kwa posta ya rejista. Wakiniita, nitakuja.

Marahaba. Hongera kwa matokeo. Na hongera zaidi kwa kuota mizizi.

Mjomba wako

*

Tarehe 24 Januari

Mjomba,

Shikamoo. Natumaini ulifika salama. Nilikutafuta mpaka stendi, basi lako lilikuwa limeshatoka.

Ulikuwa umewekwa nje wakati natoa ushahidi, kwa sababu shahidi haruhusiwi kumsikia mwenzake, kwa hiyo nakuambia yaliyopita ndani. Kwanza lakini ujue mama alikisoma kiapo chako. Katibu alikileta nyumbani. Akaona jina, akakiweka chini, akaenda kuchuja chai ambayo ilikuwa imeshachujwa, akarudi, akakisoma hadi mwisho. Nilimwambia kwamba ni mimi niliyekuandikia. Akasema stempu zimepanda bei siku hizi.

Jaji ni mzee mwenye kikohozi. Aliniambia mara tatu niongeze sauti. Mara ya nne hakuniambia tena. Wakili wa kiwanda aliniuliza kama nilipopewa nakala niliona tarehe si sahihi. Mama alikuwa mstari wa pili, Mjomba, na nilijua kwamba nikisema sikuona, ingetosha, hakuna mtu angejua ila wewe. Nikasema niliona. Akauliza nilifanya nini. Nikasema nilinyamaza. Akauliza kwa nini, huku ameshamgeukia jaji, kama mtu aliyekwisha kushinda.

"Kwa sababu nilidhani mahakama haikosei," nikasema. "Sasa najua."

Jaji alikohoa kwa muda mrefu.

Kisha ukaitwa wewe. Sehemu hiyo unaijua, lakini ulikuwa umetupa mgongo, hukumwona mama. Yule wakili alipokutia kwenye kona, kwamba mtu mwaminifu hangekaa kimya miaka yote hiyo, nawe ukasema uliogopa sana hata ukashindwa kwenda kumzika mama yako mzazi, mama alishika kifundo cha mkono wake mbovu kwa ule mzima. Akabaki ameshika hivyo mpaka tukatoka. Sikumwambia mimi. Ulisema mwenyewe.

Na pale koridoni, ulipomsalimia naye akatazama saa ya ukutani, usiichukue vibaya. Ile saa haifanyi kazi.

Tulirudi kwa miguu. Nilikuwa nasubiri anigombeze. Tulipofika kwenye kona ya fundi viatu nikashindwa kusubiri, nikamwomba radhi kwa kunyamaza dirishani. Akasema muhuri aliuona jioni ileile ya tarehe 30. Tarehe anajua kusoma. Nikamuuliza mbona hakusema.

"Ulirudi viatu mkononi, miguu imevimba," akasema. "Nikaona huyu amesimama siku nzima kwa ajili yangu. Sasa nimwongezee nini?"

Miezi saba, Mjomba. Miezi saba kila mtu katika ukoo huu alikuwa amekaa juu ya kitu. Naona hasira hata na sisi wenyewe. Waya ule unataka watu waseme tu, basi, na watu wote wanaojua wako kimya, mmoja kwa aibu, mmoja kwa woga, mwingine kwa huruma.

Uamuzi utasomwa tarehe 25 Februari. Ulimtafuta yule dereva?

Kasauti

*

Tarehe 7 Februari

Mpwa wangu,

Marahaba. Nilifika. Kuku aliyekuwa ananifuata ameanza kutaga.

Nilimwandikia dereva kwa anwani ya zamani. Barua imerudi, imeandikwa pembeni kwamba alihama. Nimeandika kwa chama cha madereva. Nitaandika na kwingine.

Ofisi ya utumishi imenitaka nijieleze. Ni barua fupi na sitaki kuieleza. Usimpe Katibu habari hiyo, ataanza kufuma kwenye mlango wa mtu.

Nadhani koti langu nililisahau kwenye basi. Lile la kahawia. Si kitu, lilikuwa kuukuu.

Nijulishe uamuzi, uwe mzuri uwe mbaya.

Mjomba wako

*

Tarehe 27 Februari

Mjomba,

Shikamoo. Mahakama ina mamlaka. Naliandika tena ili nilione: mahakama ina mamlaka.

Jaji alisoma kwa dakika arobaini na alikohoa karibu nusu yake. Nilinakili sehemu moja kwa ajili yako. Alisema mtu anapoweka karatasi yake mkononi mwa karani, saa za kazi, huyo amefika mahakamani, na gurudumu la muhuri si sheria. Shauri la mama lilifika tarehe 30 Juni. Kisha akaagiza majalada yote yenye muhuri wa 1 Julai yapitiwe upya. Yapo kumi na saba. Nilitazama nyuma, nikaona watu ambao siwajui wameshikana mikono. Mmoja wao, baba mwenye gongo, alimwambia Katibu kwamba alikuwa ameshaambiwa na ofisi zote mbili arudi kwa mwajiri wake akaombe msamaha.

Katibu hakungoja. Pale pale akasimama akaomba amri ya muda kwamba mashine isiguswe mpaka waya utolewe. Wakili wa kiwanda akasema hilo ni suala la baadaye, kwanza kuna utaratibu wa kipindi hiki cha mpito. Jaji akamuuliza kama mkono wa binti aliyeko kwenye mashine nao uko katika kipindi cha mpito. Amri ikatoka kabla ya mapumziko ya chai. Jana yule mwenzangu wa shule alipita nyumbani, akasema Bwana Fasta mwenyewe ndiye aliyeukata, kwa koleo, mbele yao wote, na alikuwa hana haraka yoyote.

Sijatosheka, usidhani. Imechukua miezi minane kwa mahakama kukubali kwamba inaweza kusikiliza. Bado haijasikiliza. Neno "ukaidi" bado lipo kwenye barua ya mama. Shauri lenyewe litaanza tarehe 14 Aprili, na siku hiyo atasimama aonyeshe mkono. Nitakaa mstari wa pili, na naomba uje ukae nami. Kuhusu barua ile ya ofisi ya utumishi, sijamwambia Katibu, lakini nikiona inakuwa ndefu nitamwambia.

Koti hukulisahau kwenye basi. Ulilisahau kwenye benchi la koridoni. Mama ndiye aliyeliona. Akalibeba mpaka nyumbani, akasema asije akasema tumemnyang'anya, akalifua. Likakaa kwenye kamba siku mbili. Nikajua litakunjwa hivyohivyo na kuwekwa chini ya kitanda, kwa sababu tangu mkono wake uungue mama hajagusa pasi. Hata kuiona hataki, niliificha mwenyewe nyuma ya ndoo.

Jumapili nilirudi kutoka dukani nikamkuta ameitoa. Alikuwa ametandika blanketi juu ya meza, anapiga pasi koti lako kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia aliuweka juu ya kitambaa kukizuia kisiteleze, mbali kabisa na moto. Mkono mmoja wa koti ulimchukua muda wa kupika chakula kizima. Kola aliirudia mara tatu, na yeye zamani alikuwa akinyoosha mashuka mia kwa siku. Nikasimama mlangoni. Akasema, "Unatazama nini? Hujaona koti?"

Sasa liko nyuma ya mlango, amelifunika kwa shuka lisiingie vumbi.

Siku ukija atakuambia lilikuwa linamzibia nafasi. Mkubalie. Na haya ya pasi, Mjomba, alinikataza nisikuandikie, kwa hiyo usimwambie kwamba unayajua.

Kasauti